Jina la Mji Bila Uwanja

Ligi ya Overwatch, mchezo wa video, ilipoanza mwaka 2018, ilikuwa na timu 12, na karibu zote zilibeba majina ya miji. London Spitfire ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza, Julai mwaka huo, ilipoishinda Philadelphia Fusion jijini New York. Wachezaji wake wote walitoka Korea Kusini, na msimu mzima, isipokuwa fainali, ulichezewa Burbank, California. London ilipata kombe ambalo halikupiganiwa hata siku moja mbele ya watu wake. Hapo ndipo ilipo kasoro iliyoidhoofisha ligi hii: jina la mji linaweza kununuliwa, lakini mapenzi ya mji hujengwa na watu wanaokutana mahali pamoja.

Atasema mtu kwamba hata klabu za soka za London zimejaa wageni. Ni kweli, ila wageni hao hucheza London, mbele ya wakazi wa London, mwaka baada ya mwaka. Wengine huilaumu korona, iliyofuta mechi za nyumbani mwaka 2020. Iliumiza sana, sikatai. Lakini misimu miwili ilikuwa imeshapita, mechi nyingi zikichezwa California. Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya Shanghai Dragons, waliopoteza mechi zote 40 za mwaka 2018 wakaja kuwa mabingwa mwaka 2021. Mashabiki wao waliwapenda kwa dhati, nami nawaheshimu kwa hilo, ila walichokipenda ni ule uvumilivu wa kikosi, si jina la mji. Mwishowe ligi ilifungwa baada ya msimu wa 2023.