Ngitili Haikuletwa na Bwana Shauri

Jina la Geita likitajwa siku hizi, wengi wetu hufikiria dhahabu. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliitazama Geita kuwa mahali pa kuhamishia watu na ng'ombe waliojazana Usukuma ya kati. Huo ndio uliokuwa Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, uliosimamiwa kutoka Malya, Kwimba. Shabaha ilikuwa njema: kuokoa ardhi na kukinga njaa. Lakini mkulima hakuulizwa. Aliamriwa kulima matuta, kupanda mihogo na kupunguza mifugo, na aliyekaidi aliadhibiwa. Mwaka 1958 watu wa Geita, wakiwa wamechoshwa na amri hizo pamoja na baraza walilobandikwa, waliandamana hadi Mwanza.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Wasukuma walikuwa na akiba yao tangu zamani, nayo ni ngitili. Mvua zikianza, kipande cha malisho hufungwa. Hufunguliwa kiangazi kikikolea. Unaweza kuuliza, nyasi zinahusianaje na ugali? Maksai aliyeshiba kiangazi ndiye anayevuta plau mvua ya kwanza inyeshapo. Aliyekonda hulima kwa kuchelewa, na Shinyanga mvua haimngojei mtu.

Nasi baada ya Uhuru hatukufanya vizuri zaidi. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu, ngitili zikabaki nyuma bila mwenyewe, zikamalizwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulipoanza mwaka 1986, zilikuwa zimebaki kiasi cha hekta 600 hivi. Mwanzoni mradi nao ulikazania vitalu na miche. Ulipowageukia wakulima na ngitili zao ndipo mambo yalipobadilika. Sheria zilitungwa kwenye dagashida, baraza la jadi, na walinzi walikuwa sungusungu. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mlipaji mkuu wa gharama hizo alikuwa mkulima mwenyewe, kwa kujinyima malisho.

Hata hivyo, tusishangilie mno. Mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye ngitili kubwa. Mnyonge hutegemea ngitili ya kijiji kwa kuni, uyoga na mboga za porini, na mara nyingi hukodi malisho kwa jirani yake. Katika dagashida, ambako wanaume wazee ndio wasemaji, mjane asiye na ng'ombe anasemewa na nani?