Snapshoti ya data haitoshi kuwa akiba

USIKU wa Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia wanaprogramu kazi zao mtandaoni, alikuwa akirekebisha seva ya pili ya hifadhidata. Alinuia kufuta folda moja katika seva hiyo, lakini amri akaitoa katika seva kuu. Alitambua kosa lake baada ya sekunde moja au mbili. Hata hivyo, kati ya gigabaiti 300 hivi za data, zilikuwa zimesalia takriban 4.5 pekee.

Kampuni hiyo ilikuwa na mbinu tano za kuhifadhi na kunakili data, na hakuna hata moja iliyotegemeka. Nakala zilizopaswa kupelekwa kila siku kwenye hifadhi ya mbali hazikuwepo. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL ilhali hifadhidata yenyewe ilikuwa ya toleo la 9.6, hivyo kazi ilikuwa ikikwama kimyakimya. Nazo barua pepe za kuonya kuhusu hitilafu hiyo zilikuwa zikikataliwa na seva ya kupokea barua.

Kilichowaokoa ni snapshoti, yaani picha ya data jinsi ilivyokuwa wakati mmoja mahususi. Mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono muda wa saa sita hivi kabla ya ajali, kwa ajili ya shughuli tofauti kabisa ya majaribio.

Voliumu na snapshoti

Katika seva nyingi, data haiandikwi moja kwa moja kwenye diski. Kwanza, diski kadhaa huunganishwa zikawa hazina moja. Kisha hazina hiyo hugawanywa katika sehemu ziitwazo voliumu, kila moja ikiwa na kazi yake: hii ya hifadhidata, ile ya barua, nyingine ya faili za wafanyakazi. Programu ya LVM katika mfumo wa Linux hufanya kazi hiyo, na vilevile ZFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems.

Faida yake ni kwamba voliumu ikikaribia kujaa, msimamizi huipanua kwa kuchota nafasi katika hazina. Akumbuke tu kwamba katika LVM kupanua voliumu hakutoshi; sharti pia mfumo wa faili uliomo ndani yake upanuliwe, la sivyo nafasi mpya haitaonekana.

Snapshoti huchukuliwa kwa muda mfupi mno, hata kama voliumu ni kubwa, kwa sababu data haikopiwi wakati huo. Katika LVM ya kawaida, sehemu ya voliumu inapotaka kubadilishwa, yale yaliyokuwepo hunakiliwa kwanza kando. ZFS nayo huandika data mpya mahali pengine na kuiacha ile ya zamani ilipokuwa.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, snapshoti hula nafasi kadiri data inavyobadilika. Katika LVM ya kawaida, nafasi iliyotengewa snapshoti ikijaa, snapshoti hiyo huharibika na haifai tena. Katika ZFS, kufuta faili hakurejeshi nafasi iwapo ipo snapshoti inayoishikilia. Msimamizi anayeshangaa mbona diski imejaa baada ya kufuta faili nyingi aanze kwa kukagua snapshoti zake.

Pili, snapshoti ya hifadhidata inayotumika hufanana na hali inayobakia umeme unapokatika ghafla. Ni vyema kuiagiza hifadhidata itulie kwa muda, ikamilishe maandishi yaliyo njiani, ndipo snapshoti ichukuliwe.

Tatu, kuirudisha voliumu nzima katika hali ya awali hufuta yote yaliyoandikwa baadaye. Ikiwa kilichopotea ni faili moja, yafaa kuifungua snapshoti kando na kuitoa faili hiyo pekee.

Nne, na hili ndilo kuu, snapshoti hukaa katika diski zile zile inazozilinda. Diski zikiungua, zikiibwa au zikiharibika, vyote hupotea pamoja. Snapshoti hukinga dhidi ya kosa la mkono; haikingi dhidi ya kifo cha mtambo. Kwa hivyo ni lazima iwepo nakala nyingine katika mtambo tofauti, na ikiwezekana, katika jengo tofauti.

Funzo

Huduma ya GitLab ilirejea jioni ya Februari 1, baada ya data kunakiliwa polepole kwa takriban saa 18 kutoka seva ya majaribio. Kazi zenyewe za programu hazikupotea, kwa kuwa zilihifadhiwa kwingine. Hata hivyo, yaliyoandikwa katika hifadhidata baada ya snapshoti hiyo yalitoweka, yakiathiri miradi 5,000 hivi, maoni idadi kama hiyo na akaunti mpya 700.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wakizungumzia data. Akiba ya data huoza pasipo kutoa harufu, na mwenyewe hugundua siku anapoihitaji. Njia pekee ya kujua kama i nzima ni kuirejesha kwa majaribio katika seva ya kando, kwa ratiba inayojulikana na mikononi mwa mtu aliyekabidhiwa jukumu hilo. Usiku ule, mbinu zote tano zilikuwa zimeandikwa katika mipango. Kilichofaa ni snapshoti iliyokuwapo kwa bahati.