Chuo kidogo cha Ohio au Kansas: historia inawaambia nini wazazi wa Punia



Wakongomani wengi waliokimbia vita na kupita kambini wanaishi leo Iowa, Ohio, Michigan na Indiana, majimbo ya katikati ya Marekani. Watoto wao wanamaliza sekondari huko. Kisha simu inalia huku nyumbani, kwa babu, kwa baba mkubwa au kwa shangazi: mtoto amekubaliwa katika chuo kidogo chenye wanafunzi elfu moja au mbili, ndani ya mji ambao hakuna anayeufahamu. Aende, au asubiri chuo chenye jina? Kwa desturi yetu jambo kama hilo haliamuliwi na mzazi mmoja, ukoo unaombwa shauri. Wengi hujibu haraka kwamba chuo kikubwa ndicho chuo. Tuangalie kwanza historia.

Tulivyozoea sisi

Kwetu masomo ya juu yalichelewa. Wakati Symetain ilipokuwa ikichimba kasiteriti hapa Punia, Wabeleji waliacha shule mikononi mwa misioni: shule za msingi zilikuwa nyingi, za juu chache sana. Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, na ya pili Elisabethville mwaka 1956. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya univesite hawakufika 30 katika nchi nzima. Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua yao Stanleyville, leo Kisangani, jirani zetu. Mwaka 1971 Leta ya Mobutu iliziunganisha zote tatu kuwa UNAZA, hadi zilipoachana mwaka 1981.

Katika mabadiliko hayo yote jambo moja lilibaki: mwanafunzi wetu huingia kwa mlango wa fakilte. Wa sheria ni wa sheria, wa udaktari ni wa udaktari, tangu siku ya kwanza.

Chuo kidogo cha Marekani kimejengwa kwa njia nyingine. Masomo ni ya miaka minne. Miaka miwili ya mwanzo mtoto huchanganya historia, hesabu, lugha na biolojia, na kwa kawaida huchagua somo kuu karibu na mwisho wa mwaka wa pili. Udaktari na sheria huja baadaye, katika univesite nyingine. Mzazi asiyejua hilo atasikia siku moja kwamba mwanawe aliyetaka kuwa daktari anasoma falsafa, naye atafikiri amedanganywa.

Waliotutangulia

Njia hiyo Waafrika wameipita zamani. Eduardo Mondlane wa Msumbiji, aliyefukuzwa Afrika Kusini na Leta ya ubaguzi, alimaliza Oberlin, Ohio, mwaka 1953. Ndiye aliyeongoza Frelimo kutoka Dar es Salaam tangu 1962 hadi alipouawa mwaka 1969. Gikonyo Kiano wa Kenya alimaliza Antioch, Ohio hiyohiyo, mwaka 1952. Baadaye alishirikiana na Tom Mboya kutafuta nafasi za masomo Marekani, na Septemba 1959 ndege ikabeba wanafunzi 81 kwa safari moja.

Mwaka 1960 ikawa zamu ya Wangari Maathai, binti wa Nyeri. Alipelekwa Mount St. Scholastica, chuo cha masista katika mji mdogo wa Atchison, Kansas. Alisoma biolojia, na pembeni kemia na Kijerumani, akamaliza mwaka 1964.

Na Wakongomani? Davidson haiko katikati ya Marekani, iko kusini, North Carolina, lakini ni chuo cha aina ileile. Mwanafunzi wake wa kwanza mweusi, mwaka 1962, alikuwa kijana wa Kongo. Georges Nzongola-Ntalaja alimaliza hapo mwaka 1967, na leo ni mmoja wa wanahistoria wakubwa wa nchi yetu.

Tukiwalinganisha hao wanne tunaona mambo mawili. La kwanza, hakuna aliyeishia kwenye chuo kidogo. Mondlane aliendelea Northwestern, Kiano California, Maathai Pittsburgh, Nzongola Wisconsin. Chuo kidogo kilikuwa msingi, nyumba ilijengwa kwingine. La pili, wote walivumilia kuwa wageni. Maathai aliandika kwamba njiani kwenda Kansas, mahali fulani Indiana, yeye na wenzake walikataliwa kukaa ndani kunywa soda kwa sababu ya rangi yao. Nyakati zimebadilika, lakini katika mji mdogo mtoto wako bado anaweza kuwa Mwafrika peke yake darasani.

Vyuo navyo hufa

Jina zuri halikilindi chuo. Antioch, chuo cha Kiano, kilifunga milango mwaka 2008 kwa kukosa pesa, kikafunguliwa tena mwaka 2011. Chuo cha Maathai kiliunganishwa na cha jirani mwaka 1971. Mtoto anayeanza leo anahitaji chuo kitakachokuwa hai baada ya miaka minne, kwa hiyo kuuliza hali ya mfuko wake si utovu wa adabu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kujibu simu

Kwanza pesa. Minervali iliyoandikwa hutisha, lakini mara nyingi siyo inayolipwa. Mwombe mtoto akutajie kinachobaki baada ya misaada, na atenganishe msaada usiorudishwa na mkopo unaorudishwa. Aliyepokelewa Marekani kama mkimbizi anaweza kuomba msaada wa masomo wa serikali yao. Anayetoka Punia na viza ya mwanafunzi hawezi, yeye hutegemea chuo chenyewe au mfadhili.

Pili, kati ya wanaoingia, wangapi wanamaliza? Vyuo vina namba hiyo, viombwe.

Tatu, likizo vyumba vya wanafunzi vikifungwa, atalala kwa nani? Ndugu yupo karibu, au kuna kanisa au msikiti utakaompokea?

Nne, mtoto mwenyewe ni wa namna gani? Katika darasa la watu 15 hakuna pa kujificha. Profesa atamjua kwa jina, na asipokuja ataulizwa. Anayependa kuuliza na kubishana kwa hoja atapanuka pale. Anayejua kazi moja tu anayoitaka, ufundi wa umeme au uuguzi, na anayetaka kuifikia upesi, atafaidika zaidi na shule ya kazi hiyo.

Historia haisemi kwamba chuo kidogo kinampita kikubwa. Inaonyesha kwamba kiliwafaa watu waliokuwa tayari kuendelea mbele na kuvumilia upweke. Maathai alirudi Kenya, na mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti iliyompa tuzo ya Nobel mwaka 2004. Mwaka 2005 marais wa Afrika ya Kati walimfanya balozi wa msitu wa bonde la Kongo, msitu huu unaotuzunguka hapa Punia.

Basi ndugu, simu ikilia, msianze na jina la chuo. Mwulizeni mtoto anataka kujua nini, kisha msikilize kama ana jibu lake mwenyewe.