Uchovu huu una historia

Sisi tunaoandika programu tuna tabia moja mbaya: kujisifu kwa kukesha. Muulize mwenzako amelala saa ngapi, atakujibu kwa majivuno kana kwamba ameshinda mbio.

Tabia yenyewe si ya jana. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, kikundi kilichounda Macintosh pale Apple kilishonewa sweta zilizotangaza kuwa wanafanya kazi saa 90 kwa wiki na wanaifurahia. Gawanya kwa siku saba, ni karibu saa 13 kila siku, Jumapili ikiwemo!

Ajabu ni kwamba wakati huo uchovu huu ulikuwa tayari umepewa jina. Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, alikuwa akitibu wagonjwa wake mchana, kisha jioni akienda kujitolea katika kliniki ya bure. Huko aliwaona wenzake wakiisha polepole, na yeye mwenyewe yakamkuta. Mwaka 1974 akaandika dalili: kichwa kuuma, mafua yasiyopona, usingizi kukataa, hasira za karibu. Nyingine naijua vizuri kutoka kwa waandishi wa programu: mtu hukaa kazini saa nyingi zaidi huku akimaliza kazi kidogo zaidi. Na wanaoungua, alisema, ni wale wenye bidii na moyo wa kazi. Mvivu hana cha kuungua, jamani.

Christina Maslach na Susan Jackson walifuata mwaka 1981 na kipimo chenye sehemu tatu: kuishiwa nguvu, kuwaona watu unaowahudumia kama vitu tu, na kuhisi kwamba hufanikishi lolote. Kilianzia kwa kazi za kuhudumia watu, kama uuguzi. Kipimo cha kazi za aina nyingine, zetu zikiwemo, kilitoka mwaka 1996.

Kwangu mimi, hatua kubwa ni ya 2019. Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu kuwa jambo la kazini, si ugonjwa, linalotokana na mkazo wa kazi wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa vizuri. Yaani tuitazame kazi pia, tusimtazame mchovu peke yake. Ndiyo maana bosi akiniambia nikapumzike wikendi nirudi mpya, mimi humuuliza kama tarehe ya kukabidhi kazi nayo itasogea.