Kodi ya nyumba na shule za Ohio: mbona kila mara tunaombwa kura?

Wadau, kila uchaguzi unapokaribia hapa Ohio, ndugu zetu walionunua nyumba huniuliza swali lile lile: "Shule si tuliipigia kura juzi tu? Mbona wanataka hela tena?" Nimeona niliweke sawa, maana wengine wanapiga "hapana" kwa hasira tu, na wengine hawaendi kabisa.

Shule za umma hapa hupata fedha sehemu tatu: serikali ya jimbo, serikali kuu (kidogo), na kodi ya nyumba na mali za eneo lenyewe. Kila eneo la shule lina bodi yake. Bodi ikitaka kodi zaidi, kwa kawaida lazima iwaombe wapiga kura. Wenyewe wanaiita levy. Kura za ndiyo zikizidi hata kwa moja, imepita.

HESABU YAKE

Kodi hupimwa kwa mili. Mili 1 ni dola 1 kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa, na thamani inayotozwa ni asilimia 35 tu ya bei ya nyumba. Nyumba ya dola 200,000 inahesabiwa kama 70,000. Basi mili 1 ni dola 70 kwa mwaka, mili 5 ni dola 350. Mpangaji haletewi bili, lakini mwenye nyumba anajua pa kuipeleka.

KWA NINI WANARUDI

Mwaka 1976 bunge la jimbo lilipitisha sheria maarufu kama House Bill 920. Thamani za nyumba zikipanda, kiwango cha tozo kinashushwa ili ilete fedha zile zile zilizopigiwa kura. Lengo lilikuwa kumlinda mwenye nyumba. Lakini mishahara ya walimu, mafuta ya mabasi na bima havisimami, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa shule inarudi na bakuli. Si lazima kuna mtu kala hela.

Kuna sakafu lakini: kiwango cha shule hakishuki chini ya mili 20. Kwa miaka mingi, eneo lililofika hapo, thamani ilipopanda na bili ilipanda. Ndiyo maana umesikia kelele nyingi miaka hii ya karibuni.

TATIZO LENYEWE

Mili ile ile hailingani kwa kila eneo. Tuseme eneo moja lina dola 100,000 za thamani inayotozwa kwa kila mwanafunzi, la jirani lina 300,000. Mili 1 inaleta dola 100 kwa mtoto huku, dola 300 kule. Maskini akijikamua vipi, hamfikii tajiri.

Kesi ya DeRolph, iliyofunguliwa 1991 na yenye jina la mwanafunzi wa Perry County, ilifika Mahakama ya Juu ya Ohio. Mwaka 1997 mahakama ikasema mfumo unavunja katiba ya jimbo, sababu mojawapo ni kutegemea mno kodi ya mali. Ikarudia 2000 na 2002. Fomula mpya ya kugawa fedha za jimbo ilipitishwa 2021, lakini kura za levy zipo pale pale.

Mimi naona kuulizwa ni jambo zuri. Nyumbani Tanzania kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, hakuna aliyekuuliza. Ila mtoto hakuchagua mtaa wa kuzaliwa. Levy ikianguka, mabasi ya sekondari huwa ya mwanzo kukatwa kwa sababu sheria ya jimbo haiyalazimishi, na mzazi wa zamu ya usiku ndiye anayeumia.

KABLA YA KUPIGA KURA

- Soma karatasi vizuri. "Renewal" ni kuendeleza tozo iliyopo. "Additional" ni mzigo mpya.
- Jiandikishe siku 30 kabla, na uende na kitambulisho chenye picha.
- Kama hujawa raia, usijiandikishe kabisa hata mtu akikushawishi, utajiharibia uhamiaji. Lakini mikutano ya bodi iko wazi, nenda ukaulize fedha zinakwenda wapi.

Ndiyo au hapana ni yako, mradi ujue unachokipigia. Wadau wa majimbo mengine, kwenu mambo yakoje?