Bahari Ndani ya Chuma: Historia ya Kupoza Injini za Boti Ndogo

Kabla ya injini kufika, matunzo ya vyombo katika pwani ya Afrika Mashariki yalikuwa na shabaha moja, nayo ni kuizuia bahari isiingie ndani. Mbao zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa na samaki wengine. Nafasi kati ya mbao zilitiwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta. Na sehemu inayozama majini ilipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaowazuia wadudu wanaotoboa mbao. Injini iliivuruga desturi hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya joto la mafuta yanayoungua haigeuki kuwa mwendo, bali lazima itolewe kwa maji na kwa moshi, na maji yaliyo karibu zaidi na boti ni yale yale ambayo fundi wa zamani alitumia umri wake wote kuyafungia nje.

Tatizo la chumvi ndani ya mashine, hata hivyo, lilizitangulia injini za petroli. Meli za kwanza za mvuke zilizosafiri baharini zilichemsha maji ya chumvi katika matangi yao, na kadiri maji yalivyogeuka mvuke ndivyo ukoko mgumu ulivyojijenga juu ya chuma, hata mabaharia wakalazimika kumwaga maji mazito ya chumvi mara kwa mara na kupoteza joto walilokwisha kulilipia kwa makaa. Mwaka 1834 Mwingereza Samuel Hall alipata hataza ya kondensa, chombo kinachorudisha mvuke kuwa maji safi kwa kuupitisha katika mirija inayopozwa na maji ya bahari, bila maji ya aina hizo mbili kuchanganyika. Wazo hilo la mizunguko miwili iliyotenganishwa ndilo msingi wa injini nyingi za dizeli za ndani ya boti, ambamo maji safi huzunguka kwenye silinda huku maji ya bahari yakiyapoza kwa mbali.

Injini ndogo ya kupachika, ile inayofungwa kwenye shetri, ilifuata njia nyingine. Ole Evinrude, Mmarekani mzaliwa wa Norwei, alianza kuuza injini zake Milwaukee mwaka 1909, zikiwa na nguvu ya farasi moja na nusu na uzito wa kilo 28 hivi, na katika mashine ya kubebwa mkononi hapakuwa na nafasi ya mzunguko wa pili wa maji. Maji yaliingizwa moja kwa moja kutoka nje, yakaizunguka silinda, kisha yakatupwa. Ikumbukwe kwamba Milwaukee iko kando ya Ziwa Michigan, na kwamba eneo lake limejaa maziwa ya maji baridi. Utaratibu usio na kasoro kubwa huko ulipelekwa baadaye katika bahari zote za dunia.

Baharini utaratibu huo unadai gharama. Chumvi za kalsiamu zilizomo katika maji ya bahari huyeyuka kwa shida zaidi kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo hujibandika mahali penye moto mkali, ambapo ndipo maji yanapohitajika zaidi. Kwa sababu hiyo injini za dizeli zinazopozwa moja kwa moja kwa maji ya bahari huwekewa themostati, yaani kilango kinachofunguka kwa joto, inayozishikilia karibu na nyuzi 60 za Selsiasi, ingawa joto hilo la chini si zuri kwa uunguaji wa mafuta. Pampu nazo zilibadilika: zile za awali zilikuwa za pistoni, kisha ikaenea impela, gurudumu la mpira lenye mabawa yanayopinda, ambalo hulainishwa na maji yenyewe na huungua upesi likizungushwa kavu.

Moshi ulitatuliwa kwa maji hayo hayo. Katika boti za mwanzo zenye injini ya ndani, ekzosi lilikuwa bomba kavu lililofungwa kamba za asbesto ili lisiunguze mbao, hadi ilipozoeleka kumwaga maji yaliyokwisha kupoza injini ndani ya bomba lenyewe, jambo lililopunguza joto na kelele na kuruhusu mpira utumike badala ya chuma. Kiungo kilichobeba adhabu ni kiwiko, pale moshi wa moto unapokutana na maji ya chumvi: hapo chuma huliwa kutoka ndani bila kuonekana nje, masizi huziba njia, na kiwiko kikitoboka au bomba likipangwa vibaya, maji hurudi hadi kwenye silinda.

Dawa ya kutu ilikuwepo tangu 1824, Humphry Davy alipoonyesha huko London kwamba madini dhaifu zaidi, kama zinki, yakigusanishwa na shaba ya meli huliwa badala yake. Vipande vya zinki vilivyomo katika injini za leo ni urithi wake, na kuvipaka rangi, kosa linaloonekana sana, ni kuvinyima kazi yao.

Katika Ziwa Viktoria, ambako chumvi si adui, gugu maji lililoenea tangu mwisho wa miaka ya 1980 huziba matundu ya kuingizia maji, na fundi wa Mwanza husafisha kile ambacho fundi wa Mafia hukikuta kimeliwa. Pwani, injini huendeshwa ndani ya pipa la maji baridi baada ya safari, mahali ambapo maji hayo yenyewe ni ya kununua. Suluhisho la Hall halikuifikia injini ya mvuvi: injini za petroli za kupachika zinazouzwa leo, isipokuwa chache, bado hupozwa moja kwa moja kwa maji ya nje, na gharama ya uamuzi huo wa kiwandani hulipwa na mwenye boti.