Malaba au Busia: Jinsi Njia za Kwenda Kampala Zilivyoijenga Tororo na Kuipita Nagongera

Dereva wa trela anayetoka Mombasa kwenda Kampala huchagua mlango wake akiwa bado ndani kabisa ya Kenya. Akifika Mau Summit anaweza kuendelea mbele, apande Timboroa, apite Eldoret, Webuye na Bungoma, atokee Malaba. Au akate kushoto, ateremke Kericho na Kisumu, atokee Busia. Milango hiyo miwili haiko mbali sana, kwani ng'ambo ya mpaka gari dogo hutoka Busia na kufika Tororo kwa muda usiozidi saa moja. Njia zenyewe hukutana tena upande wa Uganda karibu na msitu wa Busitema, zikawa barabara moja kupitia Bugiri na Iganga hadi Jinja.

Kwa zaidi ya miaka mia moja Malaba na Busia zimekuwa zikinyang'anyana mizigo, na kila mara mizigo ilipohama, kuna mji ulionawiri na mwingine uliofifia. Nagongera, kilomita kama 20 magharibi ya Tororo, katika nchi ya Wapadhola, haimo katika hadithi ya malori. Reli kuu ilipita ndani yake, lakini barabara kuu ilipokuja ikashika njia ya kusini, ikauacha mji pembeni. Ukitaka kuelewa kwa nini Busia ina pilikapilika usiku na mchana ilhali Nagongera husubiri siku ya soko, itabidi uanze kabla ya lami, na hata kabla ya mpaka wenyewe.

Njia ya kwanza iliyojulikana sana ilikuwa ya kusini. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilifika kwa Wanga, katika kijiji cha mtawala Nabongo Mumia, ndiyo Mumias ya leo, ikanunua pembe na vyakula, ikapumzisha wapagazi kabla ya kuingia Busoga. Joseph Thomson alifika sehemu hizo mwaka 1883. Miaka miwili baadaye Askofu James Hannington alipita hapo hapo kuelekea Buganda, akauawa Busoga Oktoba 1885, kwa kuwa Kabaka Mwanga na wakuu wake walimhofia mgeni aliyeingia kutoka mashariki. Huko Buganda wageni walizoeleka kuja kutoka kusini ya ziwa. Kuingia kwa mlango huu, ambao leo malori huupita kwa mamia, lilikuwa jambo la kutiliwa shaka kiasi cha kumgharimu mtu maisha yake.

Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza mwaka 1890 kutengeneza njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa. Serikali ya Uingereza ilipochukua madaraka mwaka 1895, Kapteni Bertram Sclater aliendeleza kazi hiyo kutoka Kibwezi hadi eneo la Busia, na kipande chake kikaitwa Barabara ya Sclater. Njia nzima ilikuwa na urefu wa maili 600 hivi. Mwenyewe hakuishi kuona ikitumika kwa muda mrefu, kwani alifariki Zanzibar mwaka 1897. Ilikuwa njia ya udongo mtupu, tope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi, lakini iliweka alama ambayo barabara ya Kisumu hadi Busia bado iko karibu nayo. Kama mambo yangebaki hivyo, Mumias leo ingekuwa mji mkubwa kuliko Eldoret. Nasema hivyo bila kusita, maana kila kitu kiliufaa mji huo isipokuwa siasa.

Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu, Desemba 1901. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Aprili 1902, Uingereza iliukata mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ya Afrika Mashariki. Kabla ya siku hiyo Uganda ilifika hadi maeneo ya Naivasha. Baada yake mpaka ukasogezwa hadi sehemu za mto Sio na mto Malaba. Waiteso wakajikuta pande mbili, vivyo hivyo Wasamia, na barabara ya Sclater ikapata mpaka mwishoni mwake. Wakati huo watu wachache tu waliona uzito wake, maana himaya zote mbili zilikuwa za mwenyewe mmoja.

Mizigo ya Uganda kwa muda mrefu ilishuka Kisumu, ikapakiwa melini, ikavuka ziwa hadi Port Bell. Lakini pamba ilipoenea Busoga, Bukedi na Teso, meli hazikutosha. Reli ndogo ya Jinja hadi Namasagali ilikuwa imekwisha kujengwa mwaka 1912, ila ilikuwa kipande kilichojitenga, kisichoungana na kitu chochote cha pwani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaamuliwa reli kuu iende hadi Uganda kwa nchi kavu. Swali likawa ipite wapi.

Njia fupi ingefuata nyayo za misafara kupitia Mumias. Iliyochaguliwa ilipanda nyanda za juu za Uasin Gishu, juu kabisa Timboroa, ambako treni hufika zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha ikateremka tena upande wa magharibi. Walowezi wa Kizungu walikuwa na mashamba yao huko juu, na reli ikawapitia. Waliolalamika, wengi wao wakiwa watu wa Uganda waliojua kwamba pamba yao ndiyo italipia mzunguko huo, hawakusikilizwa. Eldoret ikapata reli mwaka 1924. Kisha ikaja Bungoma, ikavuka mpaka Malaba, ikafika Tororo, na mwaka 1928 ikaungana na ile reli ndogo ya Jinja hadi Namasagali pale Mbulamuti. Daraja la Nile la Jinja likamalizika na treni zikaingia Kampala mwaka 1931. Mumias ilipewa pole tu, reli ya pembeni kutoka Kisumu iliyofika Butere mwaka 1930 na kuishia hapo.

Ndivyo Nagongera ilivyowekwa kwenye ramani. Kutoka Tororo reli haikushuka kusini kuelekea Bugiri kama barabara ilivyofanya baadaye. Ilikwenda magharibi moja kwa moja, ikapita Nagongera, ikafuata nchi ya Busolwe na Budumba, ikavuka mabwawa ya Mpologoma na kuingia Busoga upande wa Busembatia. Waliopima njia walikuwa wakifuata pamba. Nchi ya Padhola na majirani zake wa Bunyole ilikuwa na pamba nyingi, na marobota kutoka kwenye vinu yalihitaji kufikishwa behewani kwa mwendo mfupi wa mkokoteni. Penye stesheni palipatikana duka la Mhindi na soko, na mtu wa kijijini aliweza kuuza pamba asubuhi na kununua blanketi na mafuta ya taa kabla ya jua kuzama. Wamisionari wa Kikatoliki wa Mill Hill, waliohudumu mashariki yote ya Uganda, nao waliijenga Nagongera kuwa mji wa shule na seminari. Urithi huo wa elimu umedumu kuliko ule wa pamba. Leo Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina kampasi yake Nagongera ambako walimu wa sayansi hufundishwa.

Tororo ndiyo iliyonufaika zaidi, kwa kuwa ilipata njia panda ya reli. Tawi la kaskazini lilikwenda Mbale na kufika Soroti mwaka 1929, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 likaendelezwa kupitia Lira na Gulu hadi Pakwach kando ya Nile. Chini ya mwamba wa Tororo, unaoonekana kutoka mbali kila upande, kikaja kiwanda cha saruji mwanzoni mwa miaka ya 1950, kikitumia mawe ya chokaa ya vilima vya Sukulu. Huo ulikuwa wakati wa kujengwa kwa bwawa la Owen Falls, Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, na barabara ya Kampala ikapita juu ya bwawa hilo.

Hadi hapo barabara zilikuwa watumishi wa reli. Kazi yao ilikuwa kuleta mazao stesheni, na serikali za kikoloni hazikupenda kuona malori yakishindana na treni kwa safari ndefu. Hali ilibadilika katika miaka ya 1970. Mwanzoni mwa muongo huo nchi za Afrika zilikubaliana juu ya mpango wa barabara kuu ya Lagos hadi Mombasa, na katika mpango huo gari huingia Kenya kwa mlango wa Malaba. Lakini kilichoiangusha reli hasa ni ugomvi wa wenye nyumba. Februari 1976 Idi Amin alitangaza kwamba ardhi iliyohamishwa mwaka 1902 ni ya Uganda. Kenya ilikasirika na mizigo ya Uganda ikakwama. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli lililokuwa moja likagawanywa vipande. Treni iliyowahi kupita Malaba bila kubadili mwenyewe sasa ilikuwa na wenyewe wawili wasioaminiana.

Watu wa mpakani hawakukaa kungoja serikali zipatane. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na kahawa ya Uganda ikavuka usiku kwa baiskeli, kwa punda na kwa vichwa vya watu. Soko la Chepkube, chini ya Mlima Elgon upande wa Kenya, lilitajirisha watu kwa misimu michache hivi kwamba wazee wa Bungoma bado wanalitaja kwa jina. Magendo yalifungua njia ndogo ndogo ambazo hazimo katika ramani yoyote, na nyingi kati yake zingali zinatumika.

Busia ilikua katika miaka hiyo ya shida. Mji mmoja ulikuwa na vituo viwili vya forodha, na kati yake umbali ambao mwenye mzigo aliuona mrefu. Vijana wenye baiskeli wakaweka mto wa kukalia nyuma na kuvusha watu kwa ujira. Kazi hiyo ya boda boda iliyoanzia huku mpakani sasa iko katika kila mji wa Afrika Mashariki, ikiwa na pikipiki badala ya baiskeli. Baada yao walikuja watu wenye ulemavu wa miguu na baiskeli zao za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Mmoja huketi mbele akizungusha kanyagio kwa mikono, nyuma yake mzigo umepangwa hadi juu ya kichwa, makreti ya mayai au magunia ya mahindi, na vijana wawili wanasukuma. Hao ndio wabebaji halisi wa biashara ya Busia. Takwimu za forodha huwaona kwa shida, na naona ni dhuluma kwamba kila mpango wa mpaka huandikwa kwa ajili ya trela kwanza.

Ubaya wa mpaka uliwahi kuonekana wazi. Desemba 1987 askari wa Kenya na Uganda walirushiana risasi Busia, watu wakafa, na mpaka ukafungwa. Na hata wakati wa amani, kungoja ndiko kulikokuwa maisha ya Malaba na Busia. Dereva alilala chini ya trela lake siku kadhaa huku wakala wa forodha akizunguka na makaratasi. Nyumba za kulala wageni, wauza chai na mama ntilie wote waliishi kwa foleni hiyo. Ukimwi ulipokuja katika miaka ya 1980 ulifuata vituo hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine.

Foleni imepunguzwa kwa sheria. Tangu 2014 mizigo mingi ya Uganda hulipiwa ushuru ingali Mombasa, na vituo vya pamoja vimewekwa mpakani ili gari lisimame upande mmoja tu, lile linaloingia Uganda likikaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Uganda. Cha Busia kilizinduliwa na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018. Walioishi kwa foleni walipoteza riziki, na sikusikia mpango wowote uliowafikiria. Mwaka 2020 foleni ilirudi kwa ghafla, madereva waliposubiri majibu ya vipimo vya korona kwa kilomita nyingi upande wa Kenya.

Mafuta nayo yamegawanya milango. Bomba la mafuta lilipofika Eldoret na Kisumu mwaka 1994, matangi yaliyojaza Eldoret yakapita Malaba na ya Kisumu yakapita Busia. Siku hizi upo pia mlango wa tatu wa aina yake, barabara ya lami ya kilomita 104 kutoka Musita kupitia Mayuge na Lumino hadi Busia, yenye tawi la kwenda Majanji ufukweni. Wavuvi wa ziwa wanaipenda kwa sababu samaki hufika mpakani kabla barafu haijayeyuka. Na mwaka 2024 Uganda ilisaini mkataba na kampuni ya Uturuki ya Yapı Merkezi wa kujenga reli mpya ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, ingawa ile ya Kenya ilikuwa imefika Naivasha tangu 2019 ikasimama.

Nagongera imo katika mambo haya kwa pembeni tu. Treni za abiria zilikoma kwenye njia yake mwishoni mwa miaka ya 1990, na mashirika yaliyokabidhiwa reli ya zamani yalibadilishana bila kurudisha mizigo ya maana. Barabara ya Tororo, Nagongera na Busolwe, ambayo ingebeba mpunga wa Butaleja, mihogo na wanafunzi wa chuo, imeachwa ya murram kwa miongo mingi ilhali barabara kuu kusini yake imetengenezwa na kutengenezwa tena. Wanaopanga barabara husema fedha hufuata magari, na magari yako Malaba. Mwaka 1928 hawakusema hivyo. Waliilaza reli penye pamba kwanza, na magari ya mizigo yakaja baadaye. Kama hesabu hiyo ilifaa kwa pamba ya Mwingereza, basi inafaa pia kwa mpunga wa Mnyole na mwalimu wa Nagongera, na kipande cha lami kati ya Tororo na Busolwe kinapaswa kuwekwa mbele ya upanuzi mwingine wowote wa barabara kuu.